Maswali ya Wasomaji: Karanga za Kongwa, mizani ya utenzi na insha isiyosimama

Barua za safari hii zimetoka Mpwapwa, Kongwa, Singida, Bahi, Kondoa, Chamwino na Dodoma mjini. Walioandika wengi ni walimu na wanafunzi wa Historia, Fasihi na Maarifa ya Jamii, na wengi wana kilio kimoja: mtu amesoma, amejaza kurasa, lakini akiulizwa "kwa nini?" anakwama. Tumejaribu kujibu kwa vitu vilivyo karibu nao, kwa kuwa kanda ya kati ina historia ya kutosha kufundishia karibu kila mada iliyo kwenye muhtasari.

SWALI: Shikamooni. Nipo kidato cha tatu, Mpwapwa. Usiku nakariri miaka ya historia, asubuhi yote imeyeyuka. Nifanyeje?
Mwanafunzi, Mpwapwa

JIBU: Marahaba. Mwaka ulio peke yake haukai kichwani. Unakaa ukiufunga na sababu yake, na wewe una bahati ya kuishi mahali penye sababu nyingi.

Fungua kurasa mbili zinazotazamana za kaunta buku. Chora mstari mmoja wa sentimita 24 kutoka ukurasa wa kushoto hadi wa kulia. Kila sentimita 2 iwe miaka 10, kuanzia 1850 hadi 1970. Juu ya mstari andika yaliyotokea Mpwapwa na Ugogo, chini yake yaliyotokea Tanganyika na duniani. Usijaze kila kitu. Matukio 15 yanatosha.

Juu utaandika kwamba katikati ya karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipumzika Mpwapwa. Walipumzika hapo kwa sababu mbele yao kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kutegemea, na baada yake Ugogo, ambako maji na chakula vilikuwa mikononi mwa watemi. Ndiyo maana hongo ya Ugogo, yaani ushuru wa kupita, ilisifika kwa ukali. Aliyetaka kunywesha msafara wa mamia ya watu alilipa nguo, shanga au waya. Ukishaelewa habari ya maji, hongo huhitaji kuikariri tena.

Andika 1887, Wajerumani wanaweka kituo Mpwapwa. Andika 1889, watu wa Bushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, wanakishambulia na kukichoma. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, Bushiri ananyongwa Pangani. Sasa nenda kwenye reli: ilianza kujengwa Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Angalia ramani. Reli imepita Gulwe, ikauacha mji wa Mpwapwa pembeni. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kichwani kwa miezi kadhaa. Treni lilipoanza kubeba mizigo hiyo, njia ya misafara ikafa, kituo cha misafara kikafifia, na Dodoma iliyokuwa kijiji ikaanza kukua. Chora mishale kutoka tukio moja hadi jingine na kwenye kila mshale uandike "kwa sababu". Mshale usioweza kuuandikia sababu ndiyo mada ya kumuuliza mwalimu.

Jambo jingine: kama unasoma Historia kwa Kiingereza, eleza kwanza mlolongo mzima kwa Kiswahili, kwa sauti, bila kuangalia daftari. Ukishindwa kwa Kiswahili, tatizo ni hoja. Ukiweza kwa Kiswahili ukakwama kwa Kiingereza, tatizo ni msamiati, na dawa yake ni maneno 20 ya mada ile, basi. Wengi wanatibu ugonjwa wasiokuwa nao.

SWALI: Nafundisha Historia hapa Kongwa. Kila nikiuliza kwa nini Mpango wa Karanga ulishindwa, darasa zima linaandika "mvua haikutosha" na kuweka nukta. Nitawavushaje?
Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wanakaa juu ya mfano ambao wenzao duniani wanausoma vitabuni. Wape kwanza tarakimu, halafu udongo, mwisho mjadala. Huo mpangilio una sababu yake.

Tarakimu: baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe wa watu wachache ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki kama tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na pendekezo la kulima karanga ekari milioni 3.2, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika, kwa miaka sita na kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Kazi ilianza Kongwa 1947, na maeneo mengine yalikuwa Urambo na Nachingwea. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Hadi mwaka unaisha zilikuwa zimepandwa ekari 7,500 hivi. Waache wanafunzi wapige hesabu wenyewe, watapata asilimia 5. Mwaka 1951 mpango ulifungwa, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya takriban pauni milioni 36. Mwanafunzi aliyejipigia hiyo asilimia 5 ataanza kuuliza maswali bila kulazimishwa, kwa sababu ardhi ilikwama kusafishwa kabla mvua haijapata nafasi ya kuwaangusha.

Udongo: hapa tumia makopo matatu ya nusu lita. Moja lijazwe udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Kongwa, la pili kichanga cha korongoni, la tatu udongo wa bustani wenye samadi. Toboa matundu machache chini ya kila kopo. Mwagia maji hadi yatoke chini, kisha yaanike juani siku tano. Siku ya sita mpe mwanafunzi msumari wa nchi 4 ausukume kwa kidole gumba. Kwenye kichanga utazama wote. Kwenye mfinyanzi uliokauka utagoma. Kosa linaloharibu jaribio hili ni kuyaacha makopo kivulini au kuyakatiza siku ya tatu: mfinyanzi unakuwa bado na unyevu ndani na msumari unapita, nao wanafunzi wanaondoka na jibu la uongo.

Sasa waulize karanga huzaa wapi. Ua huchanua juu, lakini likishachavushwa, kikonyo chake hushuka na kujichimbia ardhini, na ganda hukua humo. Kwa hiyo udongo mgumu unaiumiza karanga mara mbili: kikonyo kinashindwa kuingia, na wakati wa kuvuna maganda yanakatika na kubaki chini. Mtama na uwele huzaa juu ya bua. Wagogo waliweka tegemeo lao kwenye mtama na uwele katika ardhi hiyohiyo, na elimu hiyo ilikuwepo kwa yeyote ambaye angeuliza.

Baada ya hapo ndipo mjadala. Ligawe darasa makundi matano na kila kundi litetee sababu moja: mvua, udongo na vichaka, mitambo, usafirishaji na wafanyakazi, maamuzi. Kundi la mitambo lijue kwamba matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yaliyochakaa, hayana vipuri wala mafundi wa kutosha, na kwamba vichaka vya Kongwa vina mizizi inayoshikana chini kiasi cha kuvunja majembe. Mibuyu nayo usiisahau. Kundi la usafirishaji lijue kwamba bandari ya Dar es Salaam ilizidiwa na mizigo, na kwamba mgomo ulioanzia bandarini hapo Septemba 1947 ulifuata reli hadi bara.

Kila kundi likimaliza, tumia kipimo cha kuondoa moja. Uliza: mvua ingenyesha vizuri, mpango ungefaulu? Hapana, maana ekari zilikuwa hazijasafishwa. Matrekta yangekuwa mapya? Ekari zingeongezeka, halafu karanga zikwame kwenye udongo uleule. Lingekuwepo shamba la majaribio la ekari mia chache kwa misimu mitatu kabla ya kuagiza mitambo? Hapo karibu matatizo yote yangejulikana mapema kwa gharama ndogo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu inayobeba nyingine zote, na mwanafunzi anayeweza kuipinga kwa ushahidi apewe alama nzuri pia.

Usiwaachie hapo 1951. Kuanzia 1964 Kongwa ilipokea wapigania uhuru wa FRELIMO (Msumbiji), ANC (Afrika Kusini), SWAPO (Namibia) na MPLA (Angola). Mada ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika inaanzia kwenye wilaya yao wenyewe.

SWALI: Nipo kidato cha tano, Singida. Tumepewa Utenzi wa Mwana Kupona. Maneno siyaelewi, na kwenye mizani nakosa kila mara. Naomba msaada.
Mwanafunzi wa Kiswahili, Singida

JIBU: Hayo ni matatizo mawili tofauti, tuyatenganishe.

Kwanza maneno. Utenzi huo ulitungwa 1858 na mama kwa ajili ya binti yake, katika Kiamu, lahaja ya Lamu. Si Kiswahili kibovu wala cha ajabu. Sauti chache zimekaa mahali pengine, na ukizijua umefungua nusu ya mlango. Mara nyingi "ch" yetu kwao ni "t": macho ni mato, mchele ni mtele. "Nj" ni "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa. "J" katikati ya neno huwa "y" au hupotea kabisa: moja ni moya, maji ni mai. Tengeneza jedwali la safu tatu kwenye daftari: neno la utenzi, neno la Kiswahili sanifu, na ubeti lilipotokea. Jihadhari na maneno yanayofanana kwa sura tu. "Kuteka" katika Kiamu ni kucheka, na wanafunzi wengi wameandika habari za vita au kisima mahali palipo na kicheko.

Pili mizani. Utenzi una vipande vinne kwa kila ubeti, kila kipande kikiwa na mizani 8, yaani silabi 8. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, yaani silabi ya mwisho inayofanana, cha nne kina kina kinachojirudia utenzi mzima. Tazama ubeti huu tulioutunga kwa mazoezi:

Jua lawaka Dodoma
Mtama umesimama
Mkulima anahema
Aitazama mbinguni

Hesabu kipande cha pili: m-ta-ma-u-me-si-ma-ma. Nane. Ile "m" ya mtama inahesabiwa peke yake. Sasa cha nne: a-i-ta-za-ma-mbi-ngu-ni. Nane pia, ila hapa "m" ya mbinguni haihesabiwi, imeungana na "bi". Hapo ndipo unapokosea. Kanuni ya kutembea nayo: "m" iliyofuatwa na konsonanti kama t, k, l au s (mtoto, mkono, mlango, msitu) ni mizani kamili. "Mb", "nd", "ng", "nj" na "nz" zilizo mwanzoni mwa silabi huhesabiwa pamoja na irabu yake. Isipokuwa neno likiwa fupi mno, kama mbwa, nchi au nne, ambapo mkazo unaangukia kwenye "m" au "n" hiyo: m-bwa, n-chi, n-ne, mizani mbili mbili. Piga kofi kwa kila mizani huku ukisoma kwa sauti. Macho hudanganya, mkono haudanganyi.

Ukishapata nane, usiishie hapo. Katika ubeti wetu, "umesimama" ina maana gani? Mtama umesimama wima na kupendeza, au umesimama kukua kwa kukosa mvua? Kipande cha nne ndicho kinachoamua. Mtahini anapouliza "matumizi ya lugha" anataka jambo la namna hiyo, si orodha ya tamathali sita zilizotajwa kwa majina.

Na kuhusu maudhui: utenzi huo unamfundisha binti namna ya kuishi na mumewe, na baadhi ya mafundisho yanakera masikio ya leo. Usiufiche ukali wake, na usiuhukumu kana kwamba umeandikwa mwaka jana. Andika aya moja ya mama mgonjwa wa 1858 anayeogopea maisha ya mwanawe, na aya nyingine ya msomaji wa leo. Insha yenye pande hizo mbili husimama.

SWALI: Mwanangu anasoma tamthilia ya Shakespeare, Julius Caesar. Analalamika Kiingereza chake hakieleweki hata kwa walimu. Kuna faida gani mtoto wa Bahi kusoma mambo ya Warumi?
Mama wa mwanafunzi, Bahi

JIBU: Mama, malalamiko yake ni ya haki. Kiingereza kile kina zaidi ya miaka 400. Mpe njia aliyoiacha Mwalimu Nyerere: aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963, akairekebisha na kuitoa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Asome onyesho moja kwa Kiswahili, aseme kwa maneno yake nani anataka nini, ndipo afungue Kiingereza. Asifanye kinyume chake, na asiishie kwenye tafsiri, kwani mtihani utamtaka ataje maneno ya Kiingereza.

Aanzie tendo la tatu, onyesho la pili, kwenye mazishi ya Kaizari. Brutus anazungumza kwa lugha ya mjazo, yaani isiyopangwa kwa mizani, Antony kwa lugha ya kishairi. Antony anarudia tena na tena kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Mwanao apige mstari kila neno hilo linapotokea, na pembeni aandike umati unasemaje baada yake. Ataona neno la sifa likigeuka kuwa tusi bila kubadilika hata herufi moja. Kisha asome onyesho linalofuata: umati uleule unamuua mshairi Cinna kwa kuwa tu jina lake linafanana na la mmoja wa waliomuua Kaizari. Magazeti yetu yana msemo wa "wananchi wenye hasira kali". Mtoto wa Bahi anayajua hayo kuliko anavyodhani.

Kuna jambo dogo tunalipenda sana kwa wanaosoma Historia pamoja na Fasihi. Mwaka huohuo wa 1969 Mwalimu alitoa tafsiri ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, akaiita Mabepari wa Venisi. Jina la asili linamtaja mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akaandika mabepari, wengi, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina la kitabu tu, tayari ni ushahidi wa kihistoria.

SWALI: Mada yetu ya matatizo ya jamii ni ukeketaji. Nimeandika umaskini, ujinga na mila potofu. Mwalimu ameandika "hewa" kwa wino mwekundu. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha sita, Dodoma mjini

JIBU: Maneno hayo matatu yanaweza kubandikwa kwenye tatizo lolote, kuanzia utoro hadi uchafuzi wa maji, kwa hiyo hayaelezi lolote. Mwalimu wako amekutendea wema.

Anza na ukubwa wa tatizo, na usome tarakimu kwa makini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 1996 ulikuta asilimia 18 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2015/16 ulikuta asilimia 10, lakini Manyara ilikuwa asilimia 58, Dodoma 47, Arusha 41, Mara 32 na Singida 31. Sentensi moja hapo inaweza kukuinua juu ya wenzako: tarakimu hizo zinahesabu wanawake wazima, ambao wengi walikeketwa miaka mingi nyuma. Hazisemi wangapi wanakeketwa mwaka huu. Anayesema "nusu ya wasichana wa Dodoma wanakeketwa sasa" ameisoma vibaya.

Kisha sababu, na hapa kanda ya kati ina lake. Kwa Wagogo na Wanyaturu sababu moja iliyotajwa sana ni lawalawa, yaani muwasho na maambukizi sehemu za siri za mtoto, ambayo watu waliamini tiba yake ni kukeketa. Maambukizi hayo yanatibika zahanati, na usafi na maji safi huyazuia. Umeona tofauti? "Mila potofu" haina mlango wa kuingilia. Lawalawa ina mlango: mama anayempeleka mtoto kwa ngariba anatafuta tiba, hivyo muuguzi na bomba la maji ni sehemu ya jibu.

Halafu hatua zilizochukuliwa, na tathmini yake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Jiulize sheria hiyo inamwacha nani nje, na faini hiyo ina uzito gani leo. Matokeo mengine yasiyotarajiwa ni kwamba baadhi ya familia zilianza kukeketa watoto wakiwa wachanga, mahali ambapo jirani na polisi hawaoni. Sheria ilibadili umri wa mhanga, haikumaliza kitendo. Andika hivyo bila woga, kisha pendekeza namna ya kumfikia mtoto mchanga: kliniki anakopelekwa kupimwa uzito kila mwezi.

Zingatia pia neno la amri kwenye swali. "Eleza" inataka mambo na maelezo yake. "Jadili" inataka pande zaidi ya moja. "Tathmini" inataka uamuzi wako, imefaulu au imeshindwa na kwa kiasi gani. Insha nyingi zinazopewa alama ndogo zimejibu "eleza" mahali palipoandikwa "tathmini".

SWALI: Tunataka kukusanya masimulizi ya njaa za zamani kijijini kwetu. Tuanzie wapi?
Klabu ya Historia, shule ya sekondari, Chamwino

JIBU: Anzeni na Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo jina lake bado linatajwa Ugogo. Majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalichukua nafaka na ng'ombe, wanaume wakachukuliwa upagazi wa vita, ukame ukafuata. Hakuna aliye hai anayeikumbuka kwa macho yake, kwa hiyo mtakusanya kumbukumbu zilizopokelewa. Kila mara ulizeni "uliyasikia kwa nani?" na muandike jibu.

Nendeni wawili wawili, mmoja aulize, mwingine aandike. Ombeni ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kurekodi. Msiulize "njaa ilikuwa mbaya?", kwani jibu lake ni ndiyo na mazungumzo yameisha. Ulizeni walikula nini badala ya ugali, waliuza nini kwanza na nini mwisho, nani alihama na kwenda wapi, watoto waliachwa kwa nani. Mzee asipojua mwaka, mtafutieni alama: kabla au baada ya vita, kabla au baada ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Jambo lolote zito lipate mashahidi wawili wasiokaa nyumba moja. Masimulizi yakipingana msiyapatanishe, andikeni yote mawili. Na mzee akinyamaza, mwacheni anyamaze.

SWALI: Tunapeleka wanafunzi 40 Kolo kuona michoro ya miambani. Tuwaandae vipi?
Mwalimu, Kondoa

JIBU: Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na baadhi ya mapango bado yanatumika kwa matambiko, kwa hiyo ingieni kwa heshima. Wagaweni makundi ya watu 10 na mfuate mwongozo. Marufuku kugusa, kumwagia maji ili rangi ing'ae, au kufuatisha kwa chaki: maji na mafuta ya vidole huondoa rangi iliyodumu vizazi. Kila mwanafunzi achore kwa penseli umbo moja tu na aandike rangi yake, ukubwa wake kwa kukadiria, na limechorwa juu au chini ya umbo gani. Michoro myembamba myekundu kwa kawaida ni ya kale zaidi, ya wawindaji. Ile minene myeupe ni ya baadaye. Hilo la kufunikana ndilo litakalowafundisha mpangilio wa wakati bila kitabu.

SWALI: Naandaa ngonjera ya utunzaji wa ardhi kwa darasa la sita. Zangu huwa zinapooza katikati. Kuna siri gani?
Mwalimu wa shule ya msingi, Chamwino

JIBU: Mwalimu, uko nyumbani kwa ngonjera. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyeishi 1917 hadi 1969, ndiye aliyeieneza nchini baada ya Azimio la Arusha, akiwa na chama cha washairi cha UKUTA. Ngonjera ni mabishano kwa shairi: mmoja hajui au anapinga, mwingine anajua, na mwisho wanaafikiana.

Nyingi hupooza kwa sababu mpinzani anakubali mapema mno, ubeti wa tatu tu keshapiga magoti. Kwa beti 12, mpinzani ashikilie msimamo hadi wa tisa, na hoja zake ziwe za kweli. Mada yako ina mpinzani mzuri. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye milima ya Irangi, Kondoa, ili kunusuru ardhi iliyoliwa na makorongo, chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulioanza 1973. Mfugaji aliyeambiwa aondoe ng'ombe wake alikuwa na la kusema: maziwa ya watoto, mahari, samadi ya shamba. Mpe beti zake zenye nguvu. Mistari iwe ya mizani 16, nane kwa nane, ili watoto wavute pumzi katikati. Anayecheza mfugaji awe mtoto mwenye sauti kubwa kuliko wote darasani.